Tambi za Wakwe

Baba yangu alipowaahidi wakwe tambi za Kichina, nilitazama dari. Dari ya nyumba yetu ya Shauri Moyo haina cha kutazamwa, ni mbao zilizovimba kwa mvua za miaka mingi, lakini ilikuwa afadhali kuliko uso wake.

"Siku mtakayokuja kuzungumza mambo ya mahari," aliwaambia wazee wawili waliotumwa na upande wa mwanamume, "hamtakula vya kila siku. Mtakula tambi. Si za pakiti. Nitazivuta mwenyewe kwa mikono hii."

Akaiinua mikono, wakaiona. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa, alinikanyaga mguu chini ya meza kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Wazee wakacheka kwa adabu, wakasema watafurahi sana, na hapo jambo likawa limekwisha. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, na wakwe pia. Watu wa magharibi wanasafiri kwenda kwa wakwe kwa sababu moja iliyo wazi na nyingine wanayoisingizia. Wanasingizia mahari. Wanaendea ugali na kuku. Mtu anaweza kusamehewa kuwa maskini, hata kuwa mlevi, lakini akiwanyima wageni kuku, wajukuu wake watasimuliwa.

"Watu wanakuja kula, wewe unataka kuwapa kamba," mama alimwambia baba wazee walipoondoka.

"Kuku atakuwemo. Kwenye supu."

"Na wakikuta hujui kuzivuta?"

"Nani amesema sijui?"

Hakuna aliyekuwa amesema, kwa sababu sisi sote tulikuwa tumechoka kusema. Mtaani baba huitwa Mchina. Nilipokuwa mtoto alifanya kazi katika jiko la kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara, na alirudi nyumbani na aproni, vijiti vya kulia ambavyo mama alivigeuza vya kukorogea uji, na hadithi. Hadithi ilikuwa kwamba mtu anachukua donge la unga, analivuta kwa mikono miwili, analikunja, analipiga mezani, analivuta tena, na kabla hujamaliza kushangaa donge limekuwa nyuzi nyembamba kama za kusukia nywele. Hakuna kisu, hakuna mashine. Na mtu huyo, kila mara hadithi iliposimuliwa, alikuwa yeye.

Sikuwahi kuiamini. Nilisomea falsafa chuo kikuu, somo ambalo mtaani kwetu huhesabiwa kama ugonjwa ambao mtu akipata kazi atapona, lakini hata kabla ya falsafa nilikuwa na swali moja: mbona hapa nyumbani hajawahi kuvuta hata uzi mmoja? Majibu yake yalikuwa mengi. Unga wa hapa hauna nguvu. Maji ya mfereji yana dawa. Meza yetu ni fupi. Na kubwa kuliko yote, eti Wachina hutia kwenye unga kitu kama munyu. Munyu ni yale maji ya jivu la maganda ya maharagwe ambayo mama hulainishia mboga za kienyeji. Baba alitaka tuamini kwamba Mchina, kule kwao, anachuja jivu kama nyanya yangu. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyefurahia ahadi ile kuliko wote. Anauza viatu vya mitumba soko la Gikomba na starehe yake ya pekee maishani ni aibu za shemeji yake. "Mchina," alisema, "siku hiyo nitakuja na simu yenye chaji. Nataka dunia ione."

Nikaamua kutafuta ukweli kabla ya dunia. Nilitaka kujua kwanza kama tambi hizo zipo kweli Nairobi, na pili kama mtu kama baba angeweza kuwa amezitengeneza. Nilikuwa na nafasi. Kazi yangu ni kuzunguka maduka nikihakikisha sabuni ya watu fulani imepangwa mbele ya sabuni ya watu wengine. Hilo ndilo nililosomea.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa upande wa wenye mali, na ulisifiwa sana na wale vijana wanaojirekodi wakitafuna. Kulikuwa na taa nyekundu, joka la plastiki, na samaki wa mapambo aliyeonekana amekata tamaa. Ubao wa mlangoni uliandikwa kwamba tambi zote hutengenezwa kwa mikono. Zililetwa. Kila moja ilikuwa na unene sawa na mwenzake, urefu sawa, ukingo sawa, kama gwaride. Nikamwita mhudumu.

"Zimetengenezwa kwa mikono?"

"Kabisa, madam."

"Mikono ya nani?"

Alitazama upande wa jikoni, akanitazama, akaona mimi si mtu wa kutoa bahashishi. "Ya kiwandani," alisema.

Meza iliyofuata, msichana mmoja alikuwa akiinua tambi hizo hizo mbele ya simu na kumwambia mtu asiyeonekana kwamba unaonja kabisa upendo wa mpishi. Nilimwonea huruma, kisha nikaona huruma ni kubwa mno kwa kazi hiyo, nikaacha.

Wa pili ulikuwa karibu zaidi na nyumbani, kwenye barabara yenye maduka ya vitambaa ya jamaa wa Kisomali. Mwenye hoteli alikuwa kijana aliyeandika dirishani maneno ya Kichina ambayo hata yeye hakujua maana yake. Nilipouliza habari ya kuvuta kwa mikono aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake huimba.

"Dada, hii ni pasta. Hapa tunakula pasta tangu babu. Nimeweka tu ile sosi nyeusi."

"Na maandishi ya dirishani?"

"Watu wa siku hizi wanapenda."

Huyo angalau nilimheshimu kidogo. Alidanganya dirishani tu, mezani alisema kweli. Pasta yenyewe ilikuwa nzuri.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba kwamba nimezunguka na sijaona. Nilitarajia aseme Nairobi imeharibika, hilo ndilo neno lake. Badala yake aliniuliza, "Ulisikia kofi?"

"Kofi gani?"

"La unga mezani. Usisome ubao. Usimuulize mhudumu, analipwa kukuambia ndiyo. Simama nje usikilize. Kama husikii kofi, hapo hakuna tambi, endelea na safari."

Ilikuwa mara ya kwanza baba kunipa njia ya kumpima. Watu waongo kwa kawaida hawagawi vipimo. Jambo hilo liliniudhi siku nzima.

Nililisikia kofi wiki iliyofuata huko Baba Dogo, mtaa wa viwanda, nikitoka kwenye duka moja ambako sabuni yetu ilikuwa imefichwa nyuma ya mishumaa. Nilikuwa nikipita kando ya ukuta wa kiwanda nikadhani kuna mtu anapigwa. Paa. Kimya kidogo. Paa. Nikasukuma lango la mabati nikiwa nimeshika simu tayari kupiga kelele, kwa kuwa ndivyo nilivyo, huingilia.

Ndani kulikuwa na banda la kulia chakula. Mafundi wa Kichina wenye fulana walikuwa wamekaa na wafanyakazi wa kiwandani, wote wameinamia mabakuli bila kuzungumza. Hakukuwa na joka wala taa nyekundu. Nyuma ya meza ndefu mwanamume wa Kichina mwembamba alikuwa ameshika donge, mikono ameitanua kama anayepima kitambaa. Akakunja, akavuta, akalipiga mezani, akavuta tena, na nikaona kwa macho yangu nikiwa sijalewa: unga ukagawanyika ukawa nyuzi. Akazitupa kwenye sufuria linalochemka kama mtu anayetupa maji ya kunawia.

"Niaje siz," aliniambia kwa Sheng safi kuliko yangu, "unakula ama umekuja kuchora ramani?"

Nilikula. Sitazieleza. Waliozieleza mitandaoni wamenitosha.

Kilichonivuta zaidi kilikuwa nyuma. Kwenye pembe ya banda, karibu na magunia, kulikuwa na mama mmoja wa makamo mwenye mabega kama ya mbeba mizigo, akikanda. Hakuinua kichwa. Alilisukuma donge kwa viganja, akalikunja, akalilalia kwa uzito wake wote, akalifunika kwa kitambaa chenye maji, akahamia lingine. Hakuna aliyemtazama. Nilimuuliza kama naye huvuta.

"Mimi nakanda," alisema. "Kuvuta ni kazi ya mwenye banda."

Nikaagiza bakuli lingine la kubeba. Nilikuwa nimetembea na hotipoti ya mama kwenye mkoba tangu utafiti ulipoanza, kwa sababu ushahidi lazima uletwe mbele ya mahakama. Yule Mchina aliitazama hotipoti, akatikisa kichwa, akasema jambo kuhusu kula hapa hapa. Sikumsikiliza. Mtu aliyelelewa mitaa yetu ya Eastlands anajua kwamba hotipoti hubeba chochote: pilau, matumbo, chai ya maziwa, hata chakula cha mgonjwa hospitalini.

Nilipoifungua nyumbani, mjomba akiwa amealikwa maalumu, tambi hazikuwemo. Kulikuwa na kitu kimoja, cheupe, cha mviringo, kilichoshika umbo la hotipoti mpaka alama ya chini. Zilikuwa zimekunywa supu yote njiani, zikavimba, zikakumbatiana. Mama alikigeuza kwenye sahani, kikaanguka kizima na kutikisika.

"Ugali!" mjomba alipiga kelele, akashika mbavu. "Shemeji, watu wako wamevumbua ugali!"

Baba alikimega kipande pembeni, akakinusa, akakiweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu akitazama ukuta. "Ndizo," alisema. "Wapi?"

Jumamosi nikampeleka. Nilitembea nyuma yake kidogo, kama anayempeleka mshtakiwa. Nilitaka kuona atafanya nini mbele ya yule mvutaji. Nilikuwa na dhana zangu mbili: kwamba angejifanya wanafahamiana, au angeanza kumkosoa. Hakufanya hata moja. Alipita mbele ya ile meza ndefu, mbele ya yale maajabu yenyewe, bila hata kupunguza mwendo, akaenda moja kwa moja pembeni kwenye magunia. Akainua kitambaa. Akabonyeza donge kwa kidole gumba akasubiri shimo lirudi.

"Hili bado halijalala vizuri," alimwambia yule mama.

"Najua, baba. Nimelianza sasa hivi. Nawa mikono basi unisaidie, badala ya kulitoboa."

Akanawa. Nikamwona baba yangu akikanda. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kitu chochote bila kukizungumzia. Alikuwa kimya, mdomo umefungwa, na mwili wake wote ulijua pa kwenda. Nikaelewa papo hapo, na nikakasirika, kwa sababu jibu lilikuwa dogo kuliko maswali yangu yote.

Tulipotoka nilimsimamisha kando ya ukuta wa kiwanda.

"Baba, kule kambini ulikuwa unavuta, au ulikuwa unakanda?"

"Nilikuwa jikoni."

"Sijauliza chumba."

Alipangusa unga uliobaki kwenye kucha. "Nilikuwa nakanda," alisema. "Kutoka alfajiri mpaka mchana. Halafu anakuja wa kuvuta, amenawa, ameoga, watu wanakusanyika. Anavuta kidogo, wanapiga makofi, wanasema huyu ndiye mpishi. Wewe umesoma. Niambie ni wapi watu wamewahi kukusanyika kumwangalia mtu akikanda."

Nilikuwa nimeshinda. Ushindi wenyewe ulikuwa kama zile tambi za hotipoti, haukufika nyumbani ukiwa na umbo lake.

"Sasa wakwe utawaambia nini?"

"Nitavuta."

"Hujui kuvuta."

"Nimeona watu wakivuta kuliko wewe ulivyoona watu wakifikiri."

Nilimwambia tumwombe yule Mchina aje siku hiyo, avute yeye. Baba alinitazama kwa dharau ambayo naitambua, kwa sababu kwake ndiko nilikoirithi. "Nimlete mtu asimame mbele ya wakwe zangu na mikono yake, mimi niseme ni yangu? Hapana."

Wiki iliyobaki alijaribu kila jioni. Donge lilikuwa laini, linang'aa, halina kasoro, mpaka alipolishika ncha zote mbili. Hapo lilikatika. Au lilinyooka upande mmoja likabaki bonge upande mwingine, kama nyoka aliyemeza panya. Tulikula vipande hivyo kwenye supu kila siku. Mdogo wangu alikuwa akilia jikoni. Alishaona picha yake mwenyewe kwa wakwe, binti wa yule mzee wa kamba. Mama alinunua kuku zaidi, na nikamwona akificha unga wa ugali nyuma ya mlango.

Wakwe walikuja wakiwa wengi kuliko walivyosema, ndiyo desturi. Tuliwakalisha chini ya hema la kukodi kati ya nyumba na nyumba. Msemaji wao aliomba, kisha akasalimu, kisha akaeleza kwamba wameona maua mazuri katika bustani hii. Sisi ambao mbele ya nyumba yetu kuna mtaro. Msemaji wetu akamuuliza ni ua gani hasa. Walizunguka na hilo ua mpaka watoto wakalala. Nyanya wa bwana harusi, bibi mfupi aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, aliuliza kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza: "Chakula ni saa ngapi?"

Baba akatoka na meza. Alivaa ile aproni ya kambini. Alikanda mbele yao, na nakiri walitulia. Hata msemaji alinyamaza. Mjomba alikuwa amesimama mbele kabisa na simu yake. Baba akaliinua donge, akashika ncha zake, akatanua mikono. Donge likaning'inia katikati. Alibaki hivyo. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka, na nikaona mdogo wangu amefunika macho. Kisha akalishusha mezani polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Wazee," alisema, "nisiwadanganye. Mimi sikuwahi kuvuta. Nilikuwa nakanda. Aliyekuwa anavuta ni mtu mwingine."

Halafu mjomba akacheka, kicheko kikubwa, kirefu, cha mtu aliyengoja miaka. "Nilisema! Si nilisema?"

"Wewe unayecheka," yule nyanya alimgeukia, "kwani huko kwa Wachina wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mjomba akashusha mkono. Simu yake iliendelea kurekodi miguu yake mwenyewe.

"Ulikanda muda wote huo?" nyanya akamuuliza baba.

"Ndiyo, mama."

"Basi si mlete kisu. Mimi nina njaa."

Mama alikuwa tayari na kisu. Nadhani alikuwa nacho tangu asubuhi. Walisukuma donge likawa bapa, wakalikunja, mama akakata, baba akazitupa sufuriani kwenye supu ya kuku. Zilitoka nene, zimepinda, hakuna mbili zinazofanana. Na zilipopakuliwa, shangazi zangu wakatoa ugali uliosongwa kwa ule unga uliofichwa, wakauweka katikati ya meza bila aibu yoyote.

Nilidhani nimeshaona kila kitu maishani, lakini sikuwa nimewahi kuwazia hili: wazee wa heshima wakimega ugali, wakiubonyeza kwa kidole gumba, wakiuzolea tambi za Kichina kana kwamba ni mboga. Unga kwa unga. Nilimwambia mzee aliyekuwa karibu nami kwamba hizi huliwa peke yake. Alinitazama kwa upole unaotengewa wagonjwa. "Peke yake na nini?" aliuliza.

Nyanya alikuwa amefika bakuli la pili. Aliacha kutafuna, akamkazia baba macho. "Umetia munyu humu."

"Kidogo, mama. Wachina pia hutia kitu kama hicho."

"Sasa kwa nini hukusema mapema? Umetuletea habari za Wachina tangu saa sita, kumbe ni mtu wa nyumbani."

Sikuwa na swali, na hali hiyo siipendi.

Mahari ilizungumzwa baadaye, haraka, na watu walioshiba. Walipokuwa wakiondoka, msemaji wa wakwe alimvuta baba pembeni, akanong'ona kama anayeomba jambo la siri. Walitaka kumbebea mama wa bwana harusi, aliyebaki nyumbani na mguu mbaya. Walikuwa wamekuja na hotipoti.

"Hazibebeki," baba alimwambia. "Zitafika zimekuwa ugali."

Msemaji alifikiri kidogo, akaifungua hotipoti. "Si mbaya," alisema. "Jaza."